Kabati lenye kufuli mbili: hadubini moja hutumiwaje na wengi?

Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, mwisho wa chumba chetu cha maabara kulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza ulikuwa kwa mzee wa maabara. Wa pili ulikuwa kwa mhadhiri aliyekileta kifaa kilichomo kwa pesa za mradi wake, na mhadhiri huyo alikuwa ameshaondoka nchini kwa masomo. Ndani, chini ya kifuniko cha plastiki kilichogeuka manjano, ilikaa hadubini ya fluoresensi. Nje ya kabati wanafunzi arobaini tulikuwa tukipokezana hadubini sita, dakika nne kila mmoja. Mwenye miwani alilazimika kuivua na kurekebisha picha upya, kwa hiyo zake zilikuwa mbili.

"Mzee, hiyo ya kabatini tutaiona lini?" nilimuuliza siku moja.

"Mwanangu, hiyo si ya idara. Ni ya mradi."

Mradi wenyewe ulikuwa umekwisha miaka miwili kabla.

Chuo sitakitaja, kwa sababu kabati kama hilo nimeliona katika zaidi ya chuo kimoja. Ninachotaka ni kulifungua fundo hili taratibu: kwa nini hadubini nzuri hulala ilhali wanaoihitaji wamepanga foleni, na ni nini hasa kinachotakiwa ili kifaa kimoja kihudumie idara tatu, au vyuo vitatu, bila kuharibika na bila watu kukosana. Wengi hudhani jibu ni pesa za kununua nyingine. Pesa zina nafasi yake. Lakini nimeona hadubini mpya ikifa ndani ya miaka mitatu, na nimeona nyingine, nzee kuliko wanafunzi wanaoitumia, ikiwaka kila siku. Tofauti ya hizo mbili ilikuwa mtu mmoja aliyeajiriwa kuitunza.

Neno lenyewe kwanza, maana shuleni wengi wetu tulilichanganya. Darubini asili yake ni Kiajemi, dur ikiwa mbali na bin ikiwa kuona, na kweli darubini ndiyo ya nyota na ya askari wa mbugani. Kwa kinachoonyesha vidogo kamusi zimetenga neno hadubini. Maabarani utasikia pia maikroskopu, na hakuna atakayekulaumu.

Wavu wa ngege haunasi omena

Sababu ya kwanza ya kugawana haitokani na umaskini. Inatokana na maumbile ya mwanga.

Mwanga tunaouona kwa macho husafiri kwa mawimbi yenye urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 1873 mwanafizikia wa Ujerumani, Ernst Abbe, alionyesha kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi hilo, hata lenzi ziwe safi namna gani. Kwa vitendo mpaka huo ni kama nanomita 200. Mvuvi wa Dunga, Kisumu, ataelewa upesi: wavu wenye macho ya kunasa samaki mkubwa kama ngege haunasi omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, hata uutupe mara mia. Kuikuza picha zaidi ni sawa na kuuinamia wavu uleule na kuukodolea macho. Matundu yake hayapungui.

Sasa chukua maswali yanayoulizwa huku kwetu Kenya uyapitishe kwenye wavu huo. Njoro, kwenye mashamba ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili ionekane ni ipi itastahimili kutu ya shina, ugonjwa unaoletwa na kuvu, hasa ile aina ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mbegu za kuvu hiyo zina urefu wa mikromita 20 hadi 30, yaani nanomita elfu ishirini na zaidi. Hadubini ya kawaida inatosha kabisa. Ziwani Nakuru chakula kikuu cha heroe, au flamingo kama wengi tunavyowaita, ni Arthrospira, kiumbe kama mwani kilichojisokota kama springi. Maji ya ziwa yalipopanda na chumvi kuzimuka, kiumbe hicho kilipungua na ndege wakatawanyika kwenda Bogoria na kwingineko. Mwanafunzi anayetaka kukihesabu anahitaji lenzi ya kukuza mara 10 au 40, slaidi yenye mistari ya kuhesabia, na subira.

Malaria inadai zaidi. Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hivi, na kimelea kichanga ndani yake, kile kinachofanana na pete, ni mikromita moja au mbili. Hapo unatumia lenzi ya mara 100 na tone la mafuta kati yake na slaidi. Watu huyaogopa mafuta hayo bila kuelewa kazi yake. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda na mwingine kupotea pembeni. Mafuta yanaupitisha kwa karibu kiwango kilekile cha kioo, kwa hiyo mwanga unaenda moja kwa moja hadi kwenye lenzi, na pete ambayo ingekuwa wingu inakuwa pete.

Halafu kuna maradhi ya mahindi yaliyowatia hasara wakulima wa Bomet mwaka 2011, mmea ukinyauka kuanzia majani ya juu hadi gunzi tupu. Chanzo chake ni virusi viwili vinavyokutana katika mmea mmoja. Kimoja kina umbo la mpira wenye kipenyo cha nanomita 30 hivi. Hiyo ni omena, na wavu wa mwanga unaipitisha. Kukiona unahitaji hadubini ya elektroni, ambayo Ernst Ruska na Max Knoll waliianzisha Ujerumani mwaka 1931. Elektroni nazo zina wimbi, ila ni fupi mno kuliko la mwanga. Gharama yake ni kwamba mashine hutaka ombwe, yaani chumba kisicho na hewa, umeme wa makumi ya maelfu ya volti, sakafu isiyotikisika lori likipita barabarani, na sampuli iliyokufa, ikakaushwa na kukatwa vipande vyembamba kuliko utando wa buibui.

Katikati ya hizo kuna kundi ambalo ndilo linaloleta ugomvi mwingi vyuoni: hadubini ya fluoresensi na binamu yake, hadubini ya konfokali. Hizi hazijibu swali la "ni kidogo kiasi gani?" Zinajibu swali la "kiko wapi?" Unaipaka sampuli rangi inayong'aa ikipigwa na mwanga wa aina fulani, na rangi hiyo umeichagua ili ishike kitu kimoja tu: protini fulani, au kipande fulani cha DNA. Giza linatanda, kisha kile ulichokitafuta peke yake kinawaka kijani au chekundu. Konfokali inaongeza tundu dogo kama la sindano linalozuia mwanga wa tabaka za juu na za chini, ili uone tabaka moja kwa wakati. Marvin Minsky wa Marekani aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1957.

Na tusidhani hayo ni ya ng'ambo tu. Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria, watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, walimkuta mbu wa Anopheles akiwa na kiumbe kidogo walichokiita Microsporidia MB, kinachoishi ndani yake bila kumdhuru na kinachozuia kimelea cha malaria kukua mwilini mwake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Sehemu ya ushahidi ilikuwa picha za kung'aa: kiumbe kile kikiwaka ndani ya viungo vya mbu, mahali panapoeleza jinsi mama anavyokirithisha kwa mayai yake. Bila hadubini ya aina hiyo ungejua kwamba kimo, usijue kimejificha wapi.

Unaona basi tunakoelekea. Idara moja ya baiolojia ikiwa na mtafiti wa ngano, wa mwani, wa malaria na wa virusi, ina maswali manne na inahitaji mashine za aina tatu au nne. Kila mmoja akinunua yake, nyingi kati ya hizo zitalala siku nyingi za wiki. Hata vyuo vyenye fedha nyingi Ulaya na Marekani havimpi kila profesa konfokali yake. Vinaziweka katika kituo kimoja chenye wahudumu, na kila mtu anakuja kwa zamu.

Taa ya saa 300

Siku ya kukabidhiwa mashine kuna picha, hotuba na utepe wa kukatwa. Kinachofuata hakipigwi picha, na ndicho kinachoamua kama mashine itaishi.

Nianze na taa, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha. Hadubini nyingi za fluoresensi za zamani hutumia taa ya zebaki. Taa hiyo hudumu saa 200 hadi 300, kisha lazima ibadilishwe. Ukiilazimisha inaweza kupasuka na kuachilia mvuke wa zebaki chumbani. Ina tabia zake. Ukiiwasha, iache iwake angalau nusu saa, hata kama ulichotaka kuona umekiona kwa dakika tano. Ukiizima, usiiwashe tena kabla haijapoa, nusu saa nyingine. Asiyejua huiwasha na kuizima kama balbu ya sebuleni na kuiua ikiwa changa.

Ijumaa moja, saa kumi jioni, mtu aliondoka akaiacha inawaka. Tuliikuta Jumatatu saa mbili asubuhi. Hesabu: saa 64. Zaidi ya sehemu moja ya tano ya maisha yake iliteketea ikimulika chumba kitupu, na hapakuwa na daftari la kutuonyesha nani alikuwa wa mwisho. Kila mtu alimtazama mwenzake kwa wiki nzima. Taa ya kizazi kipya, ya LED, huenda saa 10,000 na zaidi na huwashwa na kuzimwa wakati wowote. Nikiulizwa na idara yenye pesa kidogo ifanye nini kwanza, nawaambia waache kutamani mashine mpya, wabadilishe taa.

Umeme wetu mnaujua. Mvua za alasiri za ukanda wa ziwa na milima ya Kakamega na Kisii huja na radi, stima inapotea na kurudi kwa mshtuko. Kinachoiua mashine mara nyingi ni ule mshtuko wa kurudi. Kifaa cha kutuliza umeme pamoja na betri ya akiba vinapaswa kuwa ndani ya bei ya kununulia, siyo ombi la mwaka ujao.

Na kuna adui asiyepiga kelele: kuvu. Kisumu hewa ni ya joto na unyevu, na lenzi iliyofungiwa kabatini chini ya plastiki ndiyo shamba lake. Huanza kama nyuzi nyembamba pembeni mwa kioo, kama mizizi ya mche wa mpunga. Baadaye kuvu hutoa tindikali inayokwangua utando wa lenzi, na hapo hata uipanguse vipi, alama imebaki. Dawa zake ni rahisi mno: sanduku linalofunga vizuri lenye punje za silika jeli, zile zinazogeuka rangi zikinywa maji, ambazo unazikausha kwenye oveni na kuzirudisha. Au kabati lenye balbu ndogo inayowaka usiku kucha kufukuza unyevu. Dawa kubwa kuliko zote ni kuitumia hadubini. Kile kifuniko cha plastiki na zile kufuli mbili, vilivyowekwa kwa nia njema kabisa ya kulinda, ndivyo vilivyokuwa vikiiozesha mashine yetu.

Mafuta nayo. Mtu anamaliza kutazama damu kwa lenzi ya 100, anazungusha kichwa cha lenzi kurudi kwenye ya 40 huku tone lingali kwenye slaidi. Lenzi ya 40 haikuundwa kugusa mafuta. Yanaingia kingoni, yanakauka, na anayefuata anaona ukungu na kusema mashine ni mbovu. Anachukua pamba, au kona ya koti lake, anasugua. Sasa kuna mikwaruzo. Makosa mawili ya sekunde tano kila moja, na lenzi imekwisha. Karatasi laini ya lenzi na tone dogo la spiriti safi vingetosha, pamoja na mtu wa kusema, "Ngoja kwanza, nikuonyeshe."

Hesabu ya ada

Neno ada likitajwa, mikutano ya vitivo huchafuka. Wahadhiri huuliza kwa nini walipie kifaa cha chuo chao wenyewe. Swali ni halali, na jibu lake ni la hesabu.

Tuchukue mfano. Tuseme kuiweka hai hadubini moja ya fluoresensi kwa mwaka, pamoja na vipuri, fundi wa kuikagua na sehemu ya mshahara wa mtunzaji, ni shilingi 600,000. Ikitumika saa 100 kwa mwaka, kila saa imegharimu shilingi 6,000. Ikitumika saa 1,200, ambazo ni kama saa 25 kwa wiki, kila saa ni shilingi 500. Mashine ni ileile. Kilichoshusha bei ni watu. Kwa hiyo mwenye mashine anayewafungia wenzake mlango ili "isichakae" anajipandishia gharama mwenyewe, na ruzuku yake ikiisha hana wa kumsaidia kubeba.

Ada hiyo haihitaji kuwa sawa kwa wote. Vituo vingi hupanga ngazi: wa ndani ya chuo analipa kidogo, wa chuo jirani anaongeza kidogo, kampuni inalipa kamili, na somo la darasani halilipi. Mwanafunzi wa uzamili asiye na ruzuku apewe saa kadhaa za bure, hilo kwangu halina mjadala. Lakini ngazi hizo zote ni bure kama pesa zenyewe zinapotelea kwenye akaunti kuu ya chuo. Nimekaa kwenye kikao ambapo watumiaji walikuwa wamelipa mwaka mzima, taa ikaungua, na ombi la kununua taa likapita meza saba hadi muhula ukaisha. Watumiaji wakaacha kulipa. Ungewalaumu? Makubaliano ya kugawana kifaa yaseme kwa maandishi, kabla ya mtu wa kwanza kuingia: pesa zinaingia mfuko upi, nani anatia sahihi, na kiasi gani kinaweza kutumika bila kusubiri kikao.

Makubaliano hayohayo yamalize na lile la "ni ya mradi". Mradi unaisha, kifaa kinabaki, na mara nyingi kimeshaingizwa kwenye daftari la mali za chuo siku kilipofika. Mtafiti aliyehangaika kuandika ombi la ruzuku anastahili heshima yake: apewe kipaumbele cha zamu kwa muda uliotajwa, miaka miwili au mitatu, kisha aingie foleni kama wenzake. Ninaielewa hofu yake. Ameona vifaa vya wote vikivunjwa na asipatikane aliyevunja. Hofu hiyo haiondoki kwa kumhubiria ukarimu. Inaondoka akiona daftari la zamu lenye jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na mtu anayelisoma kila jioni.

Tusimsahau mtunzaji katika sifa. Aliyelipa ada tu na kupiga picha zake mwenyewe, ashukuru kituo mwishoni mwa makala yake ya utafiti. Lakini kama mtaalamu wa maabara ndiye aliyekuonyesha rangi ipi itumike, akabuni namna ya kuikata sampuli, akakaa nawe hadi saa mbili usiku, jina lake likae kati ya waandishi. Nimewaona watu wa namna hiyo wakistaafu bila jina lao kuonekana popote, na bila kijana hata mmoja kuachiwa walichojua.

Kinachopanda matatu na kisichopanda

Ramani yetu ya magharibi mwa Kenya si mbaya. Maseno iko kilomita 25 hivi kutoka mjini Kisumu, kwenye barabara ya Busia, na kituo cha Kisian cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kiko kwenye barabara hiyohiyo. Kakamega kuna chuo cha Masinde Muliro, Bondo kuna cha Jaramogi Oginga Odinga. Upande wa Bonde la Ufa, Egerton iko Njoro, mwendo mfupi kutoka Nakuru mjini. Swali la maana ni sampuli gani inaweza kuvumilia safari.

Slaidi ya damu iliyokauka na kupakwa rangi ya Giemsa inapanda matatu bila wasiwasi, kwenye kisanduku chake cha mbao. Hata mwakani itasomeka. Mayai ya kichocho cha tumbo kwenye slaidi ya kinyesi, yale yenye mwiba ubavuni, yanakaa miezi. Lakini slaidi hiyohiyo ikiwa na mayai ya minyoo ya safura, gliserini inayotumika kuiandaa itayafanya yawe angavu kama maji na kutoweka ndani ya saa moja hivi. Ukiibeba kutoka Bondo hadi Kisumu utafika na slaidi inayosema mgonjwa hana safura, nayo itakuwa imesema uongo. Sampuli yenye rangi za kung'aa huchujuka ikipigwa na mwanga, kwa hiyo husafiri gizani na kwenye ubaridi. Seli hai hazisafiri; mtafiti ndiye anayesafiri.

Kutokana na hayo mpangilio unajichora wenyewe. Hadubini za kawaida, nyingi iwezekanavyo, zikae pale wanafunzi walipo, kwa sababu safura haingoji. Fluoresensi moja iliyotunzwa vizuri iwe katika kila chuo. Konfokali moja kwa eneo zima, penye umeme wa kuaminika na mtaalamu wa kudumu. Ya elektroni mtu aifuate mbali. Ziko njia zilizokwisha kufunguliwa: Nairobi, pale ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kuna maabara za pamoja ziitwazo BecA zinazopokea watafiti wa Afrika Mashariki na Kati, na Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha hadubini cha mpango uitwao Africa Microscopy Initiative, kinachowagharimia wanasayansi wa Afrika wanaokubaliwa kwenda kupiga picha zao huko. Vijana wengi wa huku hawaombi kwa sababu tu hawajawahi kusikia.

Jambo moja hupuuzwa hadi siku ya mwisho: picha zenyewe. Konfokali ikipiga picha ya pikseli 2,048 kwa 2,048, kila pikseli ikiwa na baiti mbili, picha moja ni megabaiti 8 na zaidi. Rangi tatu, tabaka arobaini, hizo ni picha 120, gigabaiti moja kamili kwa kipande kimoja cha utumbo wa mbu. Mwanafunzi akipiga vipande thelathini, flashi yake imejaa na kompyuta ya mashine imeanza kukwama. Ndipo watu huchomeka flashi zenye virusi vya kompyuta. Diski ya pamoja, kanuni kwamba faili hukaa siku 30 kisha hufutwa, na marufuku ya flashi binafsi vina umuhimu sawa na mafuta ya lenzi.

Mkono wa mwanafunzi

Mafunzo ndiyo sehemu ninayoipenda. Mwanafunzi hapaswi kukutana na konfokali akiwa hajaimudu ile ndogo. Kipimo changu ni kimoja: aweze kupanga mwanga kwa njia ya August Köhler, ya mwaka 1893, bila kusoma karatasi. Anafunga tundu la mwanga hadi libaki duara dogo. Anainua na kushusha kondensa, yaani lenzi iliyo chini ya slaidi inayokusanya mwanga, hadi kingo za duara ziwe kali. Analisogeza duara katikati. Kisha analifungua taratibu hadi kingo zitoke tu nje ya picha. Dakika moja. Anayeifanya kwa mara ya kwanza huinua kichwa na kumtazama jirani yake, kwa sababu slaidi aliyodhani ni chafu imekuwa safi bila kuguswa.

Baada ya hapo anasoma damu. Kanuni ya maabara za malaria ni kutazama angalau maeneo 100 ya kuonea kwa lenzi ya mafuta kabla ya kuthubutu kusema hakuna kimelea. Kwenye eneo la arobaini shingo inauma na macho yanaanza kuona kinachotarajiwa. Ni hapo anapojifunza kwamba kipimo hiki kinategemea uaminifu wake akiwa peke yake chumbani. Dakika nne za foleni haziwezi kumfikisha huko. Kamera moja iliyounganishwa na projekta inaonyesha darasa zima wanachopaswa kutafuta, nayo ni nafuu, ila haimpi mtu mkono. Mkono unatokana na saa.

Hapo ndipo hadubini za bei ndogo zinapopunguza mzigo. Foldscope, ya karatasi ya kukunja, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2014, iliundwa ili vifaa vyake vigharimu chini ya dola moja. Jirani zetu Tanzania wameshiriki kuunda na kujaribu OpenFlexure, hadubini inayochapwa kwa printa ya plastiki na kuendeshwa na kompyuta ndogo, na Taasisi ya Afya Ifakara imeitumia katika kazi ya malaria. Hizi hazichukui nafasi ya kila kitu. Lakini mwanafunzi aliyeunda moja kwa mikono yake anajua kondensa ni nini na iko pale kwa nini, na ukimfikisha mbele ya mashine ya mamilioni hatabonyeza asichokijua.

Kabati letu lilifunguliwa nilipokuwa nimeshahitimu. Mzee wa maabara, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alimwandikia mhadhiri barua, na mhadhiri akarudisha ufunguo kwa posta. Kati ya lenzi tano, mbili zilikuwa zimeliwa na kuvu kiasi cha kutorekebishika. Taa ya zebaki ilitolewa ikawekwa ya LED. Idara ya botania na ile ya zuolojia zikaandikiana ukurasa mmoja wa makubaliano, na Jumatano nzima ikatengwa kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Niliporudi kuwasaidia kwenye mafunzo, nilikuta daftari la mistari karibu na mashine, limechorwa safu kwa rula: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, uliikuta vipi, uliiacha vipi. Nilifungua ukurasa wa wiki ile. Mwandiko ulikuwa wa kijana, wino wa buluu. Safu ya nne ilisema, "Lenzi ya 40 ina mafuta." Na ya tano, "Nimeisafisha kwa karatasi ya lenzi. Nimemwambia aliyetangulia."